Kusoma, Kujibu na Akili: Uhakiki wa Utafiti Juu ya Mtoto wa Shule Nchini Kenya

Utafiti wa elimu una desturi ya kumfikia mtoto kwa njia ya alama. Mtoto huulizwa swali, hutoa jibu, jibu hugeuzwa kuwa alama, na alama za watoto wengi hujumlishwa zikawa wastani. Katika mwendo huo wote lugha huchukuliwa kuwa chombo tu cha kubebea swali na jibu, mithili ya kikapu kisichoongeza wala kupunguza uzito wa kilichomo. Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo ina kasoro ya msingi, na kwamba kasoro hiyo hudhihirika pale yanapochunguzwa maneno matatu ya kawaida: kusoma, kujibu na akili. Kazi tatu zilizofanywa nchini Kenya zitatumiwa kuonyesha jambo hilo. Kazi ya nne itawageuzia swali wanaisimu wenyewe.

Kazi ya kwanza ni ya Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, iliyochapishwa mwaka 2009. Inahusu mradi wa kugawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso, ulioanza mwaka 1996. Shule 100 zilihusishwa, na 25 kati yake zikatangulia kupewa vitabu. Shule hazikuchaguliwa kwa upendeleo wa mtu, na kwa hiyo zile zilizopewa zingeweza kulinganishwa kwa haki na zile zilizongoja. Wakati huo ilikuwa kawaida watoto kadhaa kushirikiana kitabu kimoja, au kutokuwa nacho kabisa. Kila mwenye busara angetarajia kwamba kitabu kikiingia mkononi mwa mtoto, alama zitapanda. Matokeo yalikuwa kinyume. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo, yaani wale ambao mtihani wa awali uliwaonyesha kuwa wamewazidi wenzao.

Waandishi wanastahili sifa kwa kutolificha jambo hilo, na kwa kueleza kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wa watoto hao ni ya tatu. Ni kweli. Mtoto wa Busia aghalabu husema Kisamia, Kimarachi, Kikhayo au Kiteso nyumbani. Hukutana na Kiswahili sokoni na njiani. Na Kiingereza hukikuta darasani. Hata hivyo, maelezo hayo yanakuja baada ya hesabu kufungwa. Lugha imeitwa kama shahidi wa kueleza matokeo, lakini haikuwahi kuwekwa kwenye mizani yenyewe. Kilichopimwa ni kuwapo au kutokuwapo kwa kitabu. Swali la nini kingetokea iwapo somo lilo hilo lingeandikwa kwa lugha anayoimudu mtoto halikuwa sehemu ya jaribio.

Hapa ndipo neno kusoma linapohitaji kuangaliwa. Katika Kiswahili neno hili lina maana zaidi ya moja. Mtu aliyesoma ni yule aliyepitia shule. Mtu anayesoma gazeti anatambua herufi na kupata habari. Mtoto anayesoma kwa sauti darasani huenda anatamka tu alama zilizo mbele yake pasipo kupata habari yoyote, na hapo kusoma kwake kunakaribia kukariri kuliko kuelewa. Mfumo wa shule umeyaweka matendo haya matatu chini ya jina moja, na utafiti ukayapokea vivyo hivyo. Kitabu cha Kiingereza kilimfaa mtoto aliyekwisha kuvuka kutoka kutamka hadi kuelewa. Kwa yule ambaye hajavuka, kilikuwa mzigo mwingine wa kubeba kutoka nyumbani hadi shuleni.

Ubaya wa jambo hili unazidi maadamu kipimo chenyewe kina lugha. Tangu darasa la 4 mtoto wa shule ya msingi ya Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza katika masomo kama Hisabati na Sayansi. Na mtihani wa KCPE, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, ulifuata njia hiyo hiyo. Mtoto akikosa swali la hesabu lililoandikwa kwa sentensi ndefu, mtafiti hana njia ya kujua kama amekosa hesabu au amekosa sentensi. Alama ya sifuri ni moja, ilhali sababu ni mbili.

Kazi ya pili ni ya zamani kidogo. Sara Harkness na Charles Super waliishi na kufanya utafiti Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1970. Makala yao ya mwaka 1977 yanauliza kwa nini watoto wa Afrika ni wagumu kupimwa. Watoto walisimuliwa hadithi fupi kisha wakatakiwa kuisimulia upya mbele ya mtu mzima. Wengi walinyamaza, au walisema machache mno. Mtahini wa haraka angeandika kwamba watoto hao wamechelewa kukua kilugha. Wachunguzi hawa hawakufanya hivyo. Walirudi nyumbani kwa watoto, wakasikiliza jinsi mama anavyosema na mwanawe, wakaona kwamba maneno mengi ya mama ni maagizo, na kwamba jibu linalotarajiwa kwa mtoto ni kutenda. Mtoto mwema huelewa upesi na kwenda upesi. Kumsimulia mtu mzima habari ndefu si kazi anayofundishwa.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili kulielewa jambo hili. Neno kujibu katika matumizi ya nyumbani lina sura mbili. Mwalimu akisema "jibu", anaamuru. Mama akisema "usinijibu", anakataza. Mtoto asemwaye kuwa "ana majibu" hasifiwi. Mfano huu si ushahidi juu ya Kikipsigis, ambacho ni lugha yenye mila zake. Unaonyesha tu kwamba tendo la kujibu lina adabu yake katika kila lugha, na adabu hiyo humtangulia mtoto kufika chumba cha mtihani. Kimya cha mtoto wa Kokwet kilikuwa na maana. Kosa la vipimo vingi ni kukihesabu kimya hicho kuwa utupu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; Harkness na Super walijitahidi kukilalia, na ndiyo maana kazi yao bado inafaa kusomwa.

Kazi ya tatu, iliyochapishwa mwaka 2001 na Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, ilifanyika Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, miongoni mwa watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Watoto walipewa vipimo vya kawaida vya akili na vya masomo ya shule. Kisha waliulizwa juu ya dawa za miti shamba zitumiwazo nyumbani kwao: zinatoka wapi, hutibu nini, hutumiwaje. Ujuzi wa dawa haukuandamana na alama za shule. Kwa baadhi ya vipimo, hasa vya msamiati, waliojua dawa zaidi ndio waliopata alama za chini. Katika uchunguzi mwingine wa wakati huo huo, watafiti waliwauliza Wajaluo wenyewe jinsi wanavyoitaja akili, wakapata maneno manne: rieko, yaani maarifa na ujuzi; luoro, heshima; winjo, kusikia na kuelewa namna ya kukabili mambo ya maisha; na paro, fikra za kuanzisha jambo.

Thamani ya kazi hii ni kwamba ilikubali kuuliza kwa lugha ya wanaoulizwa. Upungufu wake ni kwamba maneno hayo manne yalipokwisha kukusanywa yalirudishwa upesi katika jedwali la dhana zilizokwisha kutengenezwa kwingine. Rieko ndiyo iliyo karibu na akili ya shule, na kwa hiyo ndiyo inayokubalika kwa urahisi. Luoro huachwa pembeni kana kwamba ni tabia tu. Lakini katika jamii nyingi za nchi hii, na katika Kiswahili pia, mtoto asiye na adabu husemwa kuwa hana akili, na msemaji hakosei lugha yake. Kuitenga heshima na akili ni uamuzi wa kinadharia. Mtafiti anayo haki ya kuuchukua, lakini anapaswa kuutetea.

Yamkini msomaji atahitimisha kwamba dawa ni nyepesi: mtoto afundishwe kwa lugha ya mama, na alama zitapanda. Kazi ya nne inazuia haraka hiyo. Katika mradi wa majaribio wa kusoma na Hisabati ulioitwa PRIMR, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha shule zilizotumia Kikamba na Lubukusu na zile zilizofuata mradi huo huo bila lugha ya mama. Watoto waliofunzwa kwa lugha ya mama walisoma lugha hiyo vizuri zaidi. Katika Hisabati hawakuwazidi wenzao. Jambo hili halipingi ukweli kwamba mtoto hujifunza vyema kwa lugha anayoielewa. Linaonyesha kwamba lugha ya nyumbani haigeuki kuwa lugha ya somo kwa kutangazwa tu. Hesabu ina istilahi zake na namna yake ya kuunda swali. Mwalimu aliyejifunza kugawanya na kuzidisha kwa Kiingereza, kisha akaagizwa afundishe kwa Kikamba pasipo istilahi zilizozoeleka, ameachiwa kazi ya idara nzima.

Lawama hiyo haiwezi kutupwa kwa wanauchumi na wanasaikolojia. Wao wamefanya walilofunzwa kufanya, na wengine wao wamelifanya kwa uangalifu mkubwa. Idara za lugha ndizo zilizouacha uwanja. Zimeandika mengi juu ya ngeli, lahaja na arudhi, lakini machache mno juu ya sentensi ya swali la hesabu la darasa la 4, au juu ya adabu ya kujibu katika lugha za wanafunzi, au juu ya istilahi ambazo mwalimu wa Machakos au wa Bungoma angezihitaji asubuhi anapoingia darasani. Maadamu kazi hiyo haijafanywa, wastani utaendelea kuchapishwa, sera zitaendelea kutungwa kutokana na wastani huo, na mtoto aliyenyamaza ataendelea kuandikiwa sifuri.