Kibatari Kimerudi Mezani, na Safari Hii Hakitoi Moshi

Jamani, wekeni hotpoti chini! Bibi harusi wa Mugumu atapata hotpoti za kutosha kufungulia duka, na seti za glasi juu yake, kama walivyopata dada zake wote. Asichotarajia ni kibatari. Ndiyo, kile kile cha kopo la Africafe, chenye mdomo wa bati na utambi wa pamba, kilichotutoa kamasi nyeusi enzi za kusoma usiku. Sasa kimeoshwa, kimetobolewa maua mwili mzima na kutiwa taa ndogo za betri tumboni. Zima taa ya chumba uone: ukuta wote umejaa vitone vya mwanga, na watu wazima wanasema "oooh" kama watoto. Nimekishika kwenye meza ya zawadi za vitu vilivyotumika, na kukirudisha kumenigharimu nguvu.

Kilichoniteka zaidi ni kile ambacho fundi bati aliyekitengeneza hakukigusa. Maungio ya zamani ya risasi ameyaacha yaonekane, mikwaruzo ipo, maandishi ya kopo yanasomeka nusunusu. Angepaka rangi ya dhahabu tu, basi, tungekuwa na pambo la dukani lisilo na kwao. Hiki kina kwao! Kahawa ilitengenezwa Bukoba, kwenye kiwanda cha TANICA, mtu akainywa ikaisha, kopo likawa taa, na leo limekuwa zawadi.

Ukitaka kujaribu nyumbani, ujue kwanza kwamba harufu ya mafuta ya taa haitoki kwa maji matupu. Sugua kwa sabuni na majivu, anika juani hadi pua yako iridhike, na hata hivyo usiwashe moto humo tena, taa ziwe za betri. Halafu siri yenyewe: ng'oa mdomo wa utambi, jaza kopo mchanga wenye unyevu, shindilia barabara, ndipo utoboe kwa msumari na nyundo. Bila mchanga, kopo linabonyea pigo la kwanza. Kingo za matundu zipitishie msasa, zina meno.

Malighafi? Zimejaa uvunguni mwa vitanda vya bibi zetu. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili wajanja waache kuyachanganya na dizeli, na koroboi zikaanza kuonja njaa. Taa za sola na umeme wa vijijini wa REA vikazistaafisha kabisa. Kimbieni kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita.

Chupa nazo zipo mezani, sikatai. Ya bia iache, inadaiwa kreti. Zinazobaki nyumbani ni za Konyagi na za mvinyo wa Dodoma. Zikivishwa mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani zinapendeza kwa maua ya mezani, ila gandisha kwa gundi ya mbao. Gundi ya unga ni karamu ya mende. Kukata chupa kwa uzi uliolowekwa spiriti na kuwashwa moto, huo ujasiri nawaachia wengine. Kioo kina wenyewe: pale Shanga, Arusha, tangu 2007 mafundi wenye ulemavu wanageuza chupa zilizotumika kuwa glasi na shanga za kuvutia mno.

Na lile ua la vijiko vya plastiki pale mezani? Hapana. Vijiko vimebaki vijiko.

Lakini kuna pengo, na linaniuma. Mugumu uko jirani na Hifadhi ya Serengeti, halafu mezani hakuna hata mnyama mmoja! Kule Pakwach, Uganda, karibu na Murchison Falls, vijana wanasokota tembo na twiga kwa waya za mitego ya majangili iliyoondolewa hifadhini, na kazi hizo zinauzwa hadi Marekani. Hapa kwetu waya wa mtego usiuokote mwenyewe, utajieleza kwa askari hadi jioni. Ila hanga za nguo zilizopinda kila kabati linazo, na waya wake unakubali kukunjwa kwa koleo bila kelele nyingi.

Fundi, kama unanisikia: nyumbu wa hanga, mwenye ndevu za kamba ya katani. Mimi nachukua wawili, na mmoja sitampa mtu.