"Sina shinikizo, niko na presha tu"

Juzi nilisahihisha tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili ambaye hakwenda nyanjani hata siku moja, na kwa hilo simlaumu. Alichukua data ya utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015, kazi ya Wizara ya Afya, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) na Shirika la Afya Duniani, akachunguza ni nani anayefikiwa na ujumbe wa afya. Data hiyo ni hazina. Msomi mmoja hawezi kuikusanya peke yake hata akijinyima mshahara wa miaka kumi.

Utafiti huo uliwapima Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 kwa mashine. Takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Hapo sina ubishi. Mashine haijui Kiswahili wala Kikuyu.

Ubishi wangu unaanzia kwenye swali. Waliowahi kupimwa huulizwa kama daktari au mhudumu mwingine wa afya alishawaambia wana tatizo hilo. Mwanafunzi wangu alimchukua kila aliyekuwa na presha ya juu na kujibu "la," akamweka safu ya wasiofikiwa. Lakini "la" hiyo inaweza kuwa ya mtu aliyepimwa asielezwe kitu, aliyeelezwa akasahau, au, na hili ndilo linalonikera mimi mtu wa lugha, aliyeelezwa kwa neno tofauti na lile analoulizwa leo.

Jumamosi nilimjaribu mama mmoja anayeniuzia viazi hapa Skuta.

"Mama, uko na shinikizo la damu?"

"Hapana, Prof. Hiyo sina. Mimi niko na presha tu."

Akatoa tembe zake kwenye mfuko wa aproni, zile anazomeza kila asubuhi.

Tusimcheke. Neno "shinikizo" yeye hulisikia redioni wabunge wanaposhinikizwa kujiuzulu. Sisi walimu tuna mkono wetu hapa: kwa miaka mingi tumepiga "presha" kalamu nyekundu tukidai ni neno la mtaani, ilhali ndilo analolitumia muuguzi anapomfunga mgonjwa kile kitambaa mkononi.

Nilimrudishia kijana kazi yake. Nilimtaka atafute maneno kamili ya hojaji kama yalivyosomwa kwa wahojiwa, katika kila lugha iliyotumika, kabla ya kugusa jedwali lingine. Pia nilimshauri ayajaribu maswali yake sokoni, "presha" ikiwemo.

Alinipigia simu jana kutoka stejini. Mwendeshaji bodaboda wa kwanza kumuuliza alikubali upesi kwamba ana presha, tena mbaya sana. Imemshika tangu achukue mkopo wa pikipiki. Huyo naye tumweke safu gani?