Gumba na Shahada

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Jadotville, mji wa migodi huko Katanga ambao leo unaitwa Likasi, akiwa na mitambo yake ya kurekodia. Huko alimsikia kijana wa miaka 22, Jean-Bosco Mwenda, akicharaza gitaa kavu na kuimba Kiswahili cha kwao. "Masanga", wimbo uliotokana na safari ile, bado unawatoa jasho wapiga gitaa. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni magitaa mawili: moja limeshika besi, jingine linapita juu yake likiremba. Ni gitaa moja. Na mkono wa kulia uliokuwa kazini ulitumia vidole viwili tu, gumba na shahada.

Leo kasi imekuwa mashindano. Jioni yoyote, kwenye simu, kuna kijana aliyekumbatia gitaa la umeme na kumwaga noti kama mtu anayekimbizwa. Ana vidole vyepesi, hilo hakuna wa kumnyima. Lakini sikiliza vizuri. Uzi unapigwa kabla kidole cha kushoto hakijakaa mahali pake, noti moja inameza nyingine, na mdundo unakwenda mbele na kurudi nyuma bila mwenyewe kujua. Mtazamaji anashangilia, na kijana anaondoka akiamini kwamba amefika.

Wazee wa gitaa kavu waliipata kasi kwa njia nyingine, na njia yenyewe inaonekana wazi ukiutazama mkono. Gumba linapiga nyuzi nene kwa kushuka. Shahada inavuta nyuzi nyembamba kwa kupanda. Viwili hivi vinapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi huu ukiwa juu ule uko chini. Msikilizaji akihesabu noti nane, kila kidole kimepiga nne tu. Kile ambacho sikio linakiita kasi, kidole kinakiona mwendo wa kawaida, chenye nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo. Msuli unaopumzika hauchoki haraka, na mkono usiochoka haukazi. Mkono ukikaza, bega nalo hupanda, kiganja kinakuwa kigumu, na hapo hakuna mazoezi yatakayouongezea mwendo mpaka kwanza ulegezwe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni gumba peke yake. Lipige uzi huu na ule, huu na ule, polepole kabisa, siku baada ya siku, mpaka mpigaji aweze kuitikia salamu ya mpita njia, aulize habari za watoto, acheke, na gumba lisiyumbe. Hatua hii inachosha na haina makofi. Vijana wengi huiruka. Ndipo shahada inapokaribishwa, na hata hapo kwa noti moja tu, katikati ya mapigo mawili, kisha mbili, kisha wimbo. Kidole hakirushwi mbali: kinavuka uzi kidogo tu na kurudi palepale, kwa sababu kila safari ya bure hewani ni wakati uliopotea. Mkono wa kushoto nao unashika umbo la kodi na kuhamisha kidole kinachohitajika tu, vingine vikibaki vimetulia juu ya nyuzi. Mwendo huongezwa kwa kiasi kidogo mno, na noti ikianza kukwaruza, unapunguzwa tena bila kuona haya.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, akasikika redioni na kuimba matangazo ya dawa ya Aspro. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, aliitangaza Coca-Cola. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi wa Kisa alikuwa na mtindo wake aliouita omutibo, gumba likinguruma na shahada ikikimbia, na pembeni chupa ya soda ikikwaruzwa kwenye mbavu zake. Mukabi alifariki mwaka 1963, angali kijana. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola wa Abana ba Nasery, kutoka Bunyore, waliufikisha mtindo huo katika majukwaa ya Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chupa ilikuwa mikononi mwa Okola. Hata Franco, aliyejaza kumbi za Kinshasa kwa gitaa la umeme, aling'oa noti zake kwa gumba na shahada.

Inauma kuangalia ni nani aliyeutunza ufundi huu. David Rycroft, mtaalamu wa London, alikaa na rekodi za Mwenda, akaziandika noti kwa noti, na uchambuzi wake ukachapishwa mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akawatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo ili wamfundishe vidole, kisha akaandika kitabu. Gerhard Kubik wa Austria alimpiga Mwenda picha za filamu, mkono ukionekana karibu. Santuri za Mukabi zilikusanywa na kutolewa upya na kampuni ndogo ya Marekani. Hakuna kosa walilofanya watu hawa, wanastahili shukrani. Lakini nyimbo hizo zimeimbwa kwa Kiswahili, na wenye Kiswahili walikuwa wapi?

Baa nyingi sasa zina kinanda kimoja chenye magitaa ya kubonyeza. Studio nazo hazina subira ya kumngoja mtu wa solo, mtu wa ridhimu na mtu wa besi wakubaliane, kama walivyokubaliana wapiga gitaa wa bendi ya Mlimani Park. Kijana anayetaka kujifunza huachiwa simu yake. Simu hiyo, ajabu, ina programu ya kupunguza mwendo wa rekodi bila kubadilisha sauti, kitu ambacho Low angekililia mwaka 1979. Kwa programu hiyo "Masanga" inaweza kusikilizwa kwa nusu ya mwendo wake, gumba likisikika peke yake na shahada peke yake.

Hata hivyo rekodi haisahihishi bega lililopanda, wala haimwambii mtu alegeze kiganja. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Vyuo vya muziki vya kwetu vinavyotenga miaka kwa gitaa la Kizungu vingeweza kutoa muhula mmoja kwa gitaa la Katanga na la Kisa, na kumwita mzee mmoja aje na gitaa lake akae mbele ya darasa. Noti za Mwenda zimekwisha kuandikwa tangu 1962.