"Ni ugonjwa wa ubongo": kampeni ya NAMI ilifanikiwa wapi na ikakwama wapi?

Jirani akielezwa kwamba skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo, je, atakuwa tayari zaidi kuishi ukuta kwa ukuta na mgonjwa? NAMI, chama kikubwa cha utetezi wa afya ya akili nchini Marekani, kiliendesha kampeni zake za miaka ya 1990 kwa kuamini kwamba jibu ni ndiyo.

Kwanza tuwatendee haki. NAMI ilianzishwa mwaka 1979 mjini Madison, Wisconsin, na familia za wagonjwa, wengi wao wazazi. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann alikuwa ameandika kuhusu mama ambaye malezi yake ndiyo yanamletea mtoto skizofrenia, na wazo hilo likatamba kwa miaka mingi. Yaani unampeleka mwanao hospitali, unarudi nyumbani wewe ndiye mtuhumiwa! Kwa mzazi huyo, kuambiwa "tatizo liko kwenye ubongo, si kwenye malezi yako" kulikuwa kutuliwa mzigo. Na kisayansi NAMI walikuwa karibu zaidi na ukweli, maana vinasaba vina mchango mkubwa katika ugonjwa huu.

Shida ni hatua iliyofuata, pale "si kosa la mama" ilipogeuka kuwa "watu wakielewa ni ubongo, unyanyapaa utaisha." Dhana hii inapimika, na imepimwa. Bernice Pescosolido na wenzake waliwasomea Wamarekani visa vya kubuni vya watu wenye dalili, mwaka 1996 na tena 2006. Waliotaja chanzo cha kibaiolojia kwa skizofrenia walipanda kutoka asilimia 76 hadi 86. Ujumbe umefika, hongera. Wasiotaka mtu yule awe jirani yao? Nao walipanda, kutoka asilimia 34 hadi 45.

Takwimu hizo mbili peke yake hazithibitishi kwamba ujumbe ndio uliowafukuza majirani. Lakini watafiti waliangalia pia mtu mmoja mmoja: wenye maelezo ya kibaiolojia waliunga mkono zaidi matibabu, ila kwa ujumla hawakuwa na unyanyapaa mdogo kuliko wenzao. Pale tofauti ilipoonekana, ilikuwa kwa upande wa kumkataa mgonjwa zaidi. Nadhani sababu si ngumu kuiona. Ukisema ubongo wenyewe ndio mbovu, lawama inapungua, lakini msikilizaji anabaki akijiuliza kama mtu huyu atapona, na kama ataweza kujizuia.

Halafu kuna suala la pesa. Mwaka 2009, uchunguzi wa Seneta Charles Grassley ulionyesha kwamba takribani robo tatu ya michango kwa NAMI kati ya 2006 na 2008 ilitoka kwa kampuni za dawa. Sisemi ujumbe ulinunuliwa. Wazazi walikuwa nao moyoni kabla ya hundi. Ila ni ujumbe unaomfaa sana muuza vidonge, na chama kilipaswa kulisema hilo chenyewe, mapema.

Kinachoniudhi ni kwamba NAMI hao hao wana kazi nzuri zaidi isiyo na mbwembwe. Katika kozi yao ya Family-to-Family, ndugu wa wagonjwa waliofunzwa huwafundisha ndugu wengine. Lisa Dixon na wenzake waliipima Maryland kwa jaribio la kugawa washiriki kwa nasibu, lililochapishwa 2011, wakati huo ikiwa ya wiki 12. Waliosoma walikabili matatizo vizuri zaidi na wasiwasi wao ukapungua kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Hapo waliopimwa ni familia, si majirani. Lakini angalau ahadi na kipimo vinalingana.

Huku kwetu nasi tunasikia kwamba ugonjwa wa akili ni kama malaria tu, wakati mtaani jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, bado ni tusi. Wanaoandaa mabango yajayo waulize swali moja kabla na baada ya kampeni: ungempangishia chumba?