Hatua za Mpiga Picha

Mpiga picha wa vita hutumia miguu kabla ya macho: kwanza huamua asimame wapi. Umbali kati yake na anayepigwa picha ndio unaoigeuza picha kuwa ushahidi au tamasha.

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hayakuwa rahisi kwa kamera. Wanajeshi wapatao 8,000 wa Uingereza, wengi wao Wahindi, walishuka Raskazone, kilomita chache kutoka mtaa wa Chumbageni wa Tanga ya leo, wakafukuzwa na kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck chenye watu kama 1,000, huku nyuki wakiuma bila kuchagua upande. Kamera nyingi za kitaalamu za wakati huo zilikuwa za miguu mitatu na vioo vizito, na risasi haimsubiri mtu. Ndiyo maana mapigano hayo huonyeshwa kwa mchoro, kama ule wa Martin Frost. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin aliacha picha nyingi za jeshi la koloni: askari wamejipanga, bunduki zimenyooka. Ni kazi safi ya fundi, ila ni vita kama mkubwa wa jeshi alivyopenda ionekane. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, wale waliouachia mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam jina lake, ni nadra kuwaona.

Zanzibar, wakati wa mapinduzi ya Januari 1964, kamera ilikuwa angani. Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi wakiwa ndani ya ndege walirekodi maiti za waliouawa, wakaweka picha hizo katika filamu yao *Africa Addio*, iliyotoka 1966 na kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Macho hayana pazia, na kutaka kuona maafa si dhambi. Watu wamekuwa wakikimbilia penye kishindo tangu zamani. Lakini maiti anayetazamwa kutoka juu hana jina wala jamaa, na mtazamaji hutoka sinema ameshiba asichokielewa. Pamoja na ubaya huo, wanahistoria hawawezi kuitupa filamu hiyo, kwani picha nyingine za mauaji yale ni chache mno.

Mohamed Amin naye alipiga picha za mapinduzi hayo, akiwa na miaka 20. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha Camerapix mwaka 1963. Ustadi wake ulikomaa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984, mahali ambapo vita vya serikali na waasi vilikuwa vimeongeza makali ya ukame. Alianza alfajiri, baridi ikiwa bado imewakalia watu. Kamera haikukimbia. Ilipita polepole juu ya waliolala, ikashuka hadi usawa wa waliokaa chini, ikasubiri wainue nyuso. Mtazamaji aliyezoea kutazama akajikuta yeye ndiye anayetazamwa. Ripoti ya picha hizo, iliyosomwa na Michael Buerk, ilirushwa na BBC tarehe 23 Oktoba, ikachukuliwa na vituo vya televisheni duniani kote, na Julai 1985 lilifanyika tamasha la Live Aid, la kuwachangia waathiriwa wa njaa hiyo, London na Philadelphia.

Lawama zipo, na nyingine ni za haki. Kwa miaka mingi baadaye mtoto aliyekonda akawa ndiye Afrika nzima machoni mwa wageni, na vita vilivyochochea njaa vikabaki nje ya fremu. Hilo ni kosa la vyumba vya habari zaidi kuliko la aliyeshika kamera, maana picha bila maelezo ni nusu ya kazi. Mkazi wa Chumbageni wa leo analijua jambo hilo hata kama hajawahi kushika kamera kubwa: Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa, picha zilisambaa kwenye simu kutoka mkono hadi mkono, nyingi bila kusema ni nani, wapi wala lini.

Amin alirudi Ethiopia tena na tena. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, likamuua msaidizi wake wa sauti, John Mathai, na kumkata yeye mkono. Alivaa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, wakati ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija.