Imani Hufundwa Nyumbani

Kuna ufundi usiotolewa cheti, ambao mafundi wake wengi huondoka duniani bila kutajwa popote isipokuwa katika historia fupi ya marehemu inayosomwa siku ya mazishi. Ni ufundi wa mzazi Mkristo anayemlea mtoto katika imani siku hadi siku: anayesali naye kwa ufupi asubuhi kabla hajavaa sare ya shule, anayekishukuria chakula hata kikiwa ugali na dagaa, anayemrudisha dukani kwa sababu mwenye duka amekosea akazidisha chenji. Hoja yangu ni kwamba imani humwingia mtoto hasa kupitia desturi ndogo kama hizo, zinazorudiwa mbele ya macho yake. Mahubiri, shule ya Jumapili na mafundisho ya kipaimara au ya komunyo ya kwanza yana thamani kubwa, lakini hujenga juu ya msingi uliokwisha kuwekwa nyumbani. Msingi huo usipokuwepo, mwalimu wa dini anaachiwa saa moja au mbili kwa juma afanye kazi ya juma zima.

Maandiko yenyewe yanaelekea huko. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inaanza na moyo wa mzazi, ndipo inamwagiza awafundishe watoto wake. Na nyakati inazozitaja ni za kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hakuna hata wakati mmoja kati ya hizo unaohitaji jengo maalumu au msomi wa theolojia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaongeza jambo la pili: familia inaiadhimisha Pasaka, kisha mtoto anauliza maana yake. Utaratibu huo unamjua mtoto vizuri. Yeye hutenda kabla hajaelewa, na maswali yake huzaliwa na alichokiona. Mzazi anayesubiri mtoto akue kwanza ili aelewe atangoja swali lisilokuja. Luka naye anasimulia kwamba wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na kwamba Yesu alipoingia katika sinagogi la Nazareti siku ya Sabato, alifanya hivyo kama ilivyokuwa desturi yake. Na Paulo anapoitafuta asili ya imani ya Timotheo, anawataja wanawake wawili wa nyumba moja, bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba wa Timotheo alikuwa Myunani. Kwa hiyo mama anayelea peke yake katika imani, au ambaye mwenzake hashiriki imani hiyo, asidhani kazi yake ni nusu kazi.

Historia ya Kanisa nayo inashuhudia hivyo hivyo. Martin Luther, baada ya kuzikagua sharika za Saksonia na kukuta watu wengi hawajui hata misingi ya imani yao, alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529. Sehemu zake kuu ziliandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa urahisi, na ndani yake mna sala za asubuhi, za jioni na za mezani. Leo watoto wengi wa Kilutheri hukikuta kitabu hicho darasani kwa mwinjilisti, ilhali kilikusudiwa kusikika kwanza karibu na chakula na kitanda. Upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, waliirudisha sala katika nyumba za waamini. Jumuiya inapokutana kwa zamu, mtoto huiona sebule ya kwao, yenye viti vya kuazima kwa jirani, ikiwa mahali pa Neno la Mungu. Hujifunza kwamba Mungu anayeabudiwa kanisani anaijua njia ya kufika kwao.

Hata hivyo, sehemu ngumu ya ufundi huu ni toba ya mzazi mwenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha watu kukiri makosa yao waziwazi na kupatana na waliowakosea. Nyumbani, funzo hilo lina nguvu kuliko hotuba yoyote. Baba aliyemgombeza mtoto kwa kosa lisilo lake, kisha akamwita na kumwomba msamaha, amemwonyesha Injili ikifanya kazi. Mtoto husamehe udhaifu wa mzazi kwa wepesi. Kinachomvunja moyo ni kuona sala ndefu usiku na dhuluma asubuhi.

Wapo wanaosema kwamba malezi ya namna hii ni kumlazimisha mtoto, na kwamba ni heri akue kisha achague mwenyewe. Lakini hakuna nyumba isiyofundisha kitu. Mtoto asiyesikia sala husikia mambo mengine, na hayo pia humjenga. Kumpa imani ni kumpa kitu halisi cha kukichagua atakapokuwa mtu mzima. Ni kweli kwamba zipo nyumba ambamo dini imekuwa fimbo. Waefeso, sura ya 6, inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakasirike. Dawa yake ni upole, pamoja na sala fupi zisizowachosha wadogo. Wengine wanasema hawana muda, kwa sababu wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Hao wanastahili kuhurumiwa, lakini kushukuru kabla ya kula hakuchukui dakika moja, na bibi, shangazi au kaka mkubwa anaweza kuishika zamu.

Pingamizi zito zaidi ni la watoto waliolelewa hivyo wakaiacha imani. Wana wa kuhani Eli waliharibika katika nyumba ya Bwana yenyewe, na Monika wa Thagaste alimlilia mwanawe Augustino kwa miaka mingi. Basi ufundi huu hautoi dhamana, kwa kuwa imani ni neema na mtoto ni mtu huru. Lakini Augustino mwenyewe anaeleza katika Maungamo kwamba, alipovutiwa ujanani na kitabu cha Cicero, alihisi upungufu kwa sababu jina la Kristo, alilolipokea kwa mama yake tangu utotoni, halikuwemo. Alibatizwa Milano mwaka 387, mama yake akiwa hai. Kilichopandwa nyumbani kilibaki kikimwita katika miaka yote ya kutangatanga.

Mzazi mwenzangu, usisubiri semina ya malezi wala nyumba yenye nafasi. Chagua desturi moja ndogo unayoweza kuishika, uianze leo jioni, uirudie kesho hata kama umechoka. Mchungaji na katekista watakusaidia, lakini nafasi yako hawawezi kuichukua.