Saa Isiyoagizwa na Mtu

Katika kurasa zote nilizozijenga kwa mikono yangu, ukurasa niupendao kuliko zote ni ule usioagizwa na mtu. Mchana mimi ni fundi wa tovuti, nijengaye milango ya biashara za watu: duka litakalo kuuza vitenge, shule itakayo kutangaza matokeo ya wanafunzi, nyumba ya wageni itakayo kupokea maombi ya vyumba, na kazi hizo nazifanya kwa uaminifu, maana ndizo zinilishazo mimi na wanitegemeao. Lakini usiku mmoja, baada ya kula na kuswali isha, niliketi mbele ya kompyuta yangu nisiwe na deni la mtu, nikaanza kutengeneza saa ya mtandaoni isomayo nyakati kama watu wa pwani wazisomavyo, ambayo jua likichomoza hesabu yake huanza, na likizama hesabu huanza tena upya. Hapakuwa na ijara wala mkataba, wala siku ya kukabidhi. Palikuwa na shauku peke yake, na shauku ni tajiri asiyelipa fedha, lakini hakuna tajiri amtumikishaye fundi kwa bidii kuliko yeye.

Asiyeijua kazi hii atadhani kuwa jambo lenyewe ni jepesi, na mimi nilidhani vivyo hivyo. Kompyuta huhesabu saa za siku kuanzia sifuri hata ishirini na tatu. Fundi huichukua hesabu hiyo, akaongeza sita, akagawanya kwa kumi na mbili, na kile kinachobaki ndicho saa ya Kiswahili. Saba ya asubuhi kwa hesabu ya kizungu, ukiongeza sita, huwa kumi na tatu, na kumi na tatu ukiiondoa kumi na mbili husalia moja. Nililala nikiamini kuwa nimemaliza. Alfajiri ya pili, jua lilipokuwa likichungulia juu ya mapaa, niliifungua saa yangu nikaikuta ikitangaza saa sifuri, kwa sababu kumi na mbili hugawanyika kwa kumi na mbili pasibaki kitu, na mashine haikuwa na habari kwamba katika lugha yetu saa ya namna hiyo haijapata kuwapo. Nikaifundisha kuwa pasipobaki kitu itamke kumi na mbili. Kisha ikaja kasorobo, ambayo ni adabu ya peke yake, kwa kuwa dakika ya arobaini na tano ikifika, msemaji wa Kiswahili huiacha saa aliyomo akaitaja saa ijayo kabla haijafika. Ikanilazimu kuifundisha mashine kutazama mbele, kama msafiri atajaye mji aonao taa zake ijapokuwa bado yumo njiani.

Yaliyofuata hayakuwa mambo ya hesabu tena. Nilitaka saa yangu iseme pia ni siku gani na ni sehemu gani ya siku, ndipo nilipogundua kuwa sikujua kwa hakika alfajiri huishia wapi asubuhi ikaanza, wala mchana huikabidhi jioni zamu yake wakati gani. Nikampigia simu mama yangu, mzaliwa na mkaaji wa Tanga, nikamsomea yaliyoandikwa na saa. Ilikuwa Alhamisi baada ya magharibi, na saa ilisema usiku wa Alhamisi. Akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, jua likishatua, hiyo Alhamisi haipo tena. Huu ni usiku wa Ijumaa." Maneno hayo nilikuwa nikiyasikia tangu utotoni pasipo kuyapima. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huzaliwa jua linapotua, usiku ukatangulia na mchana ukafuata; na juma lenyewe huanza kuhesabiwa Ijumaa inapokwisha, ndiyo maana siku iifuatayo huitwa Jumamosi, yaani siku ya kwanza, na nyingine hufuata pili, tatu, nne na tano. Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nikiyatamka majina hayo kila siku, na ilinibidi nitengeneze kichezeo ndipo niyasikie.

Wazee wana methali isemayo kuwa kazi mbaya si mchezo mwema, na nimewasikia watu wakiipima kwa mizani mbili. Wako waonao kwamba kazi, hata ikiwa duni, haifananishwi na mchezo, kwa kuwa kazi huzaa riziki. Na wako waonao kwamba kazi ifanywayo vibaya haifikii hata mchezo uchezwao vizuri. Mimi sikusudii kuidharau riziki, walakini naegemea upande wa pili, na sababu yangu ni hii. Kazi ya kuagizwa humfundisha fundi kutimiza ahadi na kusikiliza haja ya mwingine, na hayo ni mafunzo makubwa. Lakini kila agizo lina ukingo, na fundi akifika ukingoni hulipwa akarudi nyumbani. Kama saa ile ingaliagizwa, ningaliambiwa nionyeshe saa na dakika, ningalionyesha, na swali la usiku wa Ijumaa lisingaliulizwa kamwe. Mchezo hauna ukingo. Humwacha fundi alifuate swali hata chini kabisa, kwa kuwa hapana amwambiaye basi, imetosha.

Wala faida ya mchezo haikubaki katika mchezo. Miezi michache baadaye nilipokuwa nikiujenga ukurasa wa nyumba ya wageni, niliona kwamba mgeni aombaye chumba cha usiku wa Ijumaa aweza kufahamika kwa namna mbili, na kwamba tofauti ya namna hizo mbili ni mtu kusimama mlangoni na mizigo yake siku ambayo chumba kina mwenyewe. Nikaweka tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na chini yake sentensi moja inayosema wazi usiku unaokusudiwa ni wa kuamkia siku gani. Mwenye nyumba hakujua hekima hiyo ilitoka wapi. Ilitoka katika saa isiyoagizwa na mtu.

Nikiitazama historia ya mtandao wenyewe naona kuwa mchezo ni miongoni mwa waliomlea mtoto huyu. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, wataalamu walikuwa wakitumia pamoja mashine moja ya kahawa iliyokuwa karibu na chumba kilichoitwa Trojan Room, na wale waliofanya kazi mbali nayo walichoka kupanda ngazi na kulikuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaandika programu, kamera ikaelekezwa kwenye birika, na picha ndogo isiyo na rangi, iliyobadilika kiasi cha mara tatu kwa dakika, ikapelekwa katika kompyuta za wenzao. Mwaka 1993 picha hiyo ikafunguliwa kwa walimwengu, na watu wa nchi za mbali, ambao hawakuwa na tamaa ya kuonja hata funda moja, wakawa wanakuja kulitazama birika la kahawa la Cambridge. Ndiyo inayohesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya mtandaoni. Ilizimwa mwezi Agosti 2001 maabara ilipohamia jengo jingine, na birika, lililokuwa limeharibika, likauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 3,000. Leo jamaa waliotenganishwa na bahari hutazamana nyuso katika simu zao. Na mwanzoni mwa njia hiyo ndefu limesimama birika, na wanaume wawili waliotaka kujua kama limejaa.

Kadhalika mtandao wa kurasa haukuzaliwa ili uuzwe. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake mwaka 1989 alipokuwa CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyo karibu na Geneva, kwa kusudi la kuwawezesha wataalamu kuziunganisha habari zao. Na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikautoa uvumbuzi huo kwa watu wote, pasipo malipo na pasipo kuomba ruhusa. Kivinjari cha kwanza cha Berners-Lee kilikuwa cha kusomea na cha kuandikia pia, maana katika fikira yake msomaji na mwandishi walikuwa mtu mmoja. Na jambo niliheshimulo zaidi katika urithi huo ni kwamba ukurasa wa mtandaoni hauwezi kuficha kabisa namna ulivyotengenezwa. Nyumbani kwetu, mkeka mzuri ukiletwa, mwanamke ajuaye kusuka haushangilii tu. Huugeuza, akatazama ukili ulivyoshonwa, akahesabu miyaa kwa macho, na kesho yake vidole vyake vimekwisha jua. Ukurasa nao hugeuzwa hivyo. Yeyote aweza kukiamuru kivinjari kimwonyeshe maandishi yaliyo nyuma yake: HTML iliyousimamisha, CSS iliyoupamba, na JavaScript iliyoutia mwendo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi, nikigeuza mikeka ya watu nisiowajua wala nisioweza kuwashukuru, na kwa ajili hiyo maandishi ya saa yangu nimeyaacha wazi, yenye nafasi na maelezo ya Kiswahili, ili kijana atakayeigeuza aione njia ya vidole.

Mfano ulio karibu na zama zetu ni mchezo wa Wordle. Mtengenezaji wake, Josh Wardle, mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi New York, aliutengeneza kwa ajili ya mwandani wake aliyependa mafumbo ya maneno: neno moja la herufi tano kila siku, majaribio sita, kisha mpaka kesho. Tarehe 1 Novemba 2021 wachezaji walikuwa 90. Tarehe 2 Januari 2022 walikuwa zaidi ya 300,000, na kabla ya mwezi huo kwisha gazeti la The New York Times likaununua. Watu wengi huikumbuka habari hiyo kwa sababu ya mauzo. Mimi huikumbuka kwa sababu ya kiasi. Wakati ambapo kurasa nyingi zilikuwa zikishindana kumshika mtu mkono asiondoke, zikimwonyesha jambo hili baada ya hili hata usiku ukamwishia, huyu alitengeneza kitu kilichomwambia mgeni wake: umekwisha cheza, nenda kafanye kazi zako. Adabu kama hiyo aghalabu haitoki katika kikao cha wapanga faida. Ilitoka kwa mtu aliyemfikiria mtu mmoja ampendaye.

Siwezi kuyasifu haya nikanyamaza juu ya udhaifu wake. Tangu mwaka 1994 palikuwa na mahali mtandaoni paitwapo GeoCities, palipowagawia watu viwanja vya bure katika mitaa iliyopangwa kwa mambo wayapendayo, na watu wasiokuwa mafundi wakajenga humo kurasa za paka wao, za timu zao na za marehemu wao, kwa rangi za kuumiza macho na kwa mapenzi yasiyo na kifani. Mwezi Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo, iliyokuwa mwenye mji huo, ikaufunga, na kama si watu waliojitolea kunakili walichowahi, kilio kingalikuwa kikubwa zaidi. Ajengaye juu ya ardhi ya mwingine na akumbuke kuweka nakala nyumbani. Na afanye kitu chake kiwe chepesi, kwa maana uzito huua mapema: saa yangu ina uzito mdogo kuliko picha moja ya simu, haihitaji ghala la habari wala mlinzi, hufunguka katika simu ya bei ndogo, nayo hailili bando la mtu aliyelinunua kwa jasho. Katika ujenzi wa namna hii kujinyima ni ustadi, na ustadi huo sikuupata kwa wanilipao, ambao kila siku huomba kiongezwe kitu, bali niliupata pale nilipokuwa peke yangu na uhuru wa kupunguza.

Nimalize kwa jambo lililonifanya niandike. Dada yangu ameolewa, na yuko Toronto, ambako wakati wa baridi kali jua huchelewa hata karibu na saa mbili asubuhi. Nilipompelekea saa yangu, ilifanya kama nilivyoifundisha: ikachukua majira ya kompyuta yake, ikayatafsiri kwa Kiswahili kwa usahihi. Nikaona fahari. Yeye akaniandikia kuwa saa ni nzuri, lakini ya huko aliko anayo ukutani. Alichotaka ni kujua kwa mama ni saa ngapi. Nikaketi usiku mwingine usio na ijara, nikaongeza kitufe kimoja kiitwacho Nyumbani.

Tangu hapo, wakati wa baridi, dada yangu akiwa amewalaza watoto na saa ya ukutani ikimwambia kuwa usiku wa Toronto umeanza kukomaa, yeye hukibonyeza kitufe kile na kusoma: saa kumi na moja, alfajiri. Hungoja kidogo, kadiri ya mtu kutawadha na kuswali, kisha hupiga simu Tanga, na mama hupokea kabla haijalia mara ya pili.